Maxi Priest: nani hasa alimtoa, redio au saundi za mtaani?

#1 MzeeWaKaseti
Wakuu kwema? Niende moja kwa moja. Kuna ubishi umenichosha huku kitaa, vijana wanasema Maxi Priest, yule mwimbaji wa reggae wa Uingereza, alitoboa kwa sababu ya sauti tamu tu, basi, imeisha. Mi nabisha. Bila redio za London za miaka ile ya themanini mwanzoni, hasa Capital Radio na kile kipindi cha David Rodigan cha Jumamosi usiku, Roots Rockers, yule bwana angebaki fundi seremala wa Lewisham mpaka leo. Na msishangae, useremala aliufanya kweli, maboksi ya spika za Saxon, saundi ya mtaani (kundi lenye spika zake na waimbaji wake linalopiga dansi za reggae), alikuwa anayatengeneza yeye kwa mikono yake. Sasa kutoka kwenye msumeno na randa mpaka namba moja Marekani Oktoba 1990 na Close to You, hapo katikati kuna mtu kamshika mkono, na mi nasema ni redio. Anayepinga aje na hoja, matusi apeleke uzi wa mpira.

#2 Kigoda_cha_Mbele
Siti ya mbele hii hapa na karanga zangu.

#3 dulla_wa_pwani
Mkuu unahangaika bure. Yule Mjamaika, kabebwa na Jamaica yake. Reggae haijawahi kuhitaji Capital wala kapitali.

#4 Mswahili_SE13
dulla wa #3 punguza spidi. Kazaliwa Lewisham hapa hapa kusini mwa London, Juni 1961, jina Max Elliott. Wazazi ndo wametoka Jamaica, mama mtu wa kanisa la Kipentekoste haswa, nyumba ina watoto tisa na yeye ni wa pili kutoka mwisho. Kuimba kaanzia kanisani.

Ila na wewe MzeeWaKaseti hoja yako ina tundu. Redio ilimkuta jamaa keshapikwa. Saxon ilianzishwa 1976 na Dennis Rowe na mwenzake Lloyd Francis wanayemwita Musclehead, na ukikaa na wazee wa huku (nafanya nao kazi kwenye mabasi, mapumziko yote ni stori za enzi) watakwambia kilichosambaza jina la Saxon ni kaseti. Dansi linapigwa Jumamosi kwenye ukumbi wa vijana, mtu anarekodi, Jumatatu kaseti ishafika Birmingham, wiki mbili mbele iko Kingston na Brooklyn. Hakuna mtangazaji hapo. Maxi aliingia kupitia mlango huo, kwanza fundi wa maboksi, halafu akashika maiki.

Na kuna kitu watu wanasahau, 1984 ile Mi God Mi King ya Papa Levi, mtu wa Saxon, Maxi na Barry Boom ndo walihusika kuitengeneza, na ikaenda kukaa namba moja Jamaica. Dijei (kwenye reggae ni mtu wa kuchana kwenye maiki) wa Uingereza kupata namba moja Jamaica, haijawahi kutokea kabla ya hapo. Sasa niambie, Capital Radio inasikika Kingston?

#5 MzeeWaKaseti
SE13 nakuheshimu ila umejipiga mwenyewe. Namba moja Jamaica inapatikanaje, kwa kupiga filimbi? Si kwa redio! Ya kwao, sawa, lakini redio.

Halafu Rodigan hakuanzia Capital. Kaanza BBC Radio London 1978, wakipokezana kipindi na Tony Williams, 1979 ndo akahamia Capital akakaa miaka kumi na moja. Hesabu hapo, miaka yote ambayo Maxi anakua kimuziki, kila Jumamosi kuna mtu anapiga reggae kwenye redio halali yenye leseni inayosikika London nzima. Sijasema alimzaa, nasema alimlea.

#6 mjukuu_wa_selekta
Samahanini wakubwa, huyu Rodigan ni rasta?

#7 Kigoda_cha_Mbele
😂😂😂

#8 Mswahili_SE13
Mdogo wangu, Rodigan ni mzungu kabisa, kipara, miwani, ukimkuta benki utadhani meneja wa mikopo. Kazaliwa Hannover Ujerumani 1951, baba alikuwa mwanajeshi wa Uingereza, na yeye kasomea uigizaji. Ameonekana mpaka kwenye Doctor Who mwaka 1986. Lakini huyo huyo mwanzoni mwa themanini alikwenda Jamaica akapambana hewani na Barry G, mtangazaji wa redio ya JBC ya huko, sahani kwa sahani, na Wajamaika wakampenda. 2012 Malkia akampa nishani ya MBE.

#9 mjukuu_wa_selekta
Aisee. Shukrani kaka.

#10 nyayo_buda254
Maze mnabishana London na sisi Nairobi tulimjua bila hao wote. Huku ni matatu bana. Wild World ilikuwa inapigwa mpaka kondakta anaimba na pesa mkononi, abiria wanasaidia. Baadaye Metro FM ya KBC ikaja kukaza reggae asubuhi mpaka usiku, lakini by the time hiyo Metro inakuja sisi tushajua nyimbo zote za Maxi kwa kichwa. So mi niko na SE13, kaseti ndo baba ya redio.

#11 dulla_wa_pwani
Wild World ni ya Jimmy Cliff, Maxi karudia tu. Hapo hakuna kipaji cha kusifia.

#12 ustadh_wa_santuri
Hapana sheikh dulla, leo umeamka vibaya. Wild World kaitunga Cat Stevens, 1970. Jimmy Cliff kaiimba mwaka huo huo na mtayarishaji alikuwa Cat Stevens mwenyewe, ikafika namba 8 Uingereza. Maxi kaja 1988, akafika namba 5. Yaani mrudiaji wa pili kampita wa kwanza.

Na kwa faida ya vijana, Cat Stevens ndiye Yusuf Islam, yule yule wa kaswida. Sisi Tanga tulimjua kwanza kwa kaseti za madrasa, siku naambiwa kwamba ndiye mwenye ule wimbo wa Maxi Priest unaopigwa kwenye maharusi nilibisha mpaka nikanyamazishwa na kava la santuri.

#13 shangazi_wa_chuda
Ustadh usituhamishie uzi madrasa 😂 ila kweli, mimi hiyo nimeijua leo.

#14 BintiLovers
Naingia na mimi sasa kwa sababu naona wanaume mnapeana sifa tu. Kama redio ilikuwa inabeba watu, mbona haikuwabeba wanawake? Louisa Mark, 1975, Caught You in a Lie, msichana wa miaka kumi na tano, Matumbi wanapiga vyombo, mwenye kazi ni Lloyd Coxsone mtu wa saundi. Wimbo ule ndo watu wanahesabu kama mwanzo wa lovers rock, ile reggae laini ya mapenzi ya Uingereza. Kisha pale Brockley, barabara moja na Lewisham yenu hiyo, Dennis Harris akafungua lebo ikaitwa Lover's Rock kabisa, akawatoa Brown Sugar, na mmoja wao ni Caron Wheeler ambaye baadaye mlimjua na kundi la Soul II Soul. Kisha Carroll Thompson 1981 na Hopelessly in Love. Hawa wote walikuwa wanajaza kumbi. Redio kubwa ya mchana ya BBC, Radio 1, ilikuwa inawaona kama hawapo.

Mmoja tu alipenya, Janet Kay, 1979, Silly Games, namba 2 Uingereza. Mtunzi na mtayarishaji Dennis Bovell. Na baada ya hapo kapewa nini? Wimbo mmoja, kipindi cha TV cha Top of the Pops, kwaheri. Maxi kaja miaka saba minane baadaye akiimba lovers rock ile ile iliyolimwa na hawa dada, kavuna yeye. Kwa hiyo swali la huu uzi mi naona limekaa upande, ulizeni redio ilimtoa nani na ikamwacha nani.

#15 MzeeWaKaseti
BintiLovers hapo nakupa tano. Ila Janet Kay anatetea hoja yangu, alipopigwa mchana kafika namba 2, wasiopigwa hawakufika.

#16 BintiLovers
Na aliyempiga mchana kampiga kwa nini? Kwa sababu wimbo ulikuwa ushaua kwenye saundi miezi na lebo kubwa ikauchukua kuusambaza. Redio ilikuja kula pilau lishaiva.

#17 Mhasibu_mstaafu
Wadau naomba mniruhusu niwe mchoshi kidogo. Nyote mnaongelea chati kama vile chati ni malaika. Chati ya Uingereza miaka ya sabini ilikuwa inatokana na taarifa za mauzo za maduka yaliyochaguliwa, si maduka yote. Reggae ilikuwa inauzwa wapi? Vichochoroni. Duka la santuri la Mkaribea Harlesden, Brixton, Handsworth kule Birmingham, na wengine wanauza kwenye gari. Maduka yale kwa sehemu kubwa hayakuwemo kwenye hesabu. Unahesabu samaki wa supamaketi ya Masaki halafu unaandika ripoti kwamba Dar hawali dagaa.

Kwa hiyo mtu wa reggae angeweza kuuza maelfu na asionekane popote. Na asiyeonekana kwenye chati hapigwi Radio 1 mchana, na asiyepigwa mchana mteja wa kawaida haendi kumuulizia Woolworths au HMV, na asiyeulizwa huko haonekani kwenye chati. Mduara. Aliyemtoa Maxi kwenye mduara huo, kwa maoni yangu, si Rodigan wala Saxon, ni 10 Records, ile lebo iliyokuwa chini ya Virgin. Albamu ya kwanza You're Safe 1985, ya pili Intentions 1986 na bendi ya reggae ya Aswad wakiwa watayarishaji. Virgin wana magari, wana wauzaji, wana watu wa kubisha hodi redioni. Strollin' On ikaingia namba 32 mwaka 1986. Si mafanikio ya kutisha lakini ilitosha mtu aonekane.

#18 dulla_wa_pwani
Mhasibu hiyo ya dagaa imeniingia.

#19 Fundi_Mitambo
Mmeniruka. Hakuna aliyetaja redio za magendo? Mnajadili redio ya London themanini bila DBC?

Dread Broadcasting Corporation, watu wa Neasden na baadaye Ladbroke Grove, mwanzoni mwa themanini, kiongozi Lepke, kaka wa Rita Marley kwa upande mmoja wa wazazi. Hiyo ndo redio ya kwanza ya watu weusi Uingereza kwa hesabu za wengi, bila leseni, bila ofisi ya maana. Kazi ya redio ya magendo ilikuwa hivi: programu inarekodiwa kwenye kaseti, transmita na antena vinapandishwa mahali pa juu, watu wa serikali wakija kukamata wanakuta mtambo na tepu inazunguka, mtangazaji kalala kwake. Unapoteza transmita, unajenga nyingine. Kwa mtu wa mitambo kama mimi yale ni mashairi.

Sasa dada yake Lepke, Ranking Miss P, alianzia hapo hapo DBC, na 1985 Radio 1 wakamchukua akafungua kipindi cha reggae, Culture Rock. Yaani serikali iliwafukuza watu wale, kisha BBC wakaenda kuajiri kutoka kwao. Mwaka huo huo 1985 ndo You're Safe imetoka. Unganisheni wenyewe.

#20 Mswahili_SE13
Fundi nakubali historia, sikubali kuunganisha. DBC ilizima 1984 sheria ya mawasiliano ilipobanwa. Albamu ya Maxi ni 1985. Redio iliyokufa inambebaje mtu?

#21 Fundi_Mitambo
Alikuwa na singo kabla ya albamu. Na masikio ya watu hayazimwi siku transmita inazimwa, watu walishazoea kudai reggae redioni, huyo Miss P kafikaje Radio 1 kama siyo hivyo.

#22 MzeeWaKaseti
Kwa hiyo Fundi uko upande wangu.

#23 Fundi_Mitambo
Siko upande wako. Wewe unasema redio yenye leseni, mi nasema isiyo na leseni. Wale wa leseni walikuwa na saa chache za Jumamosi usiku, sisi tulikuwa na wikiendi.

#24 shangazi_wa_chuda
"Sisi tulikuwa" 😂 Fundi ulikuwa Ladbroke Grove lini wewe wa Mabibo?

#25 Fundi_Mitambo
Shangazi moyo haupigi viza.

#26 nyayo_buda254
😂😂😂 wacha! Hiyo naweka status.

#27 kaka_wa_Muscat
Salaam aleikum. Nasoma kimya tangu mwanzo ila naona mnazungumza kama nyimbo ziliruka kutoka London hadi Afrika Mashariki kwa upepo. Sisi huku Oman miaka ile ya mwisho wa themanini kaseti za reggae zilikuwa tele kwenye maduka ya Wahindi pale Ruwi, kopi kwa kopi, na kila jamaa anayerudi Unguja likizo anabeba za kugawa. RTD, redio ya taifa kule nyumbani, ngoma za nje zilikuwa hazina nafasi, mnakumbuka wenyewe. Binamu zangu Mwembeladu walikuwa na Maxi Priest kamili bila redio yoyote duniani kuhusika. Nyimbo walizozitaka ni zile za kurudia, Wild World na Some Guys Have All the Luck. Ukiwapa zile za mwanzo kabla ya hapo hawazitaki. Kwa hiyo kilichomtoa ni uchaguzi wa nyimbo ambazo watu washazijua.

#28 ustadh_wa_santuri
Hoja ya kaka wa Muscat ina uzito. Some Guys Have All the Luck ilishaimbwa na Persuaders 1973, Robert Palmer 1982, Rod Stewart 1984, Maxi akaja nayo 1987 ikafika namba 12. Mtangazaji wa mchana anaogopa kitu asichokijua. Ukimpa reggae anaogopa, ukimpa wimbo wa Rod Stewart wenye besi ya reggae haogopi. UB40, bendi ya reggae ya Birmingham, ndo walifungua njia hiyo, Red Red Wine ni ya Neil Diamond. Hata Aswad, wakali wa reggae ya mizizi (roots) tangu 1975, namba moja yao ya 1988 ni Don't Turn Around, wimbo uliokwisha kuimbwa na wengine kabla.

#29 BintiLovers
Louisa Mark naye alirudia wimbo wa mtu. Caught You in a Lie ni ya Robert Parker. Janet Kay kabla ya Silly Games alirudia Lovin' You ya Minnie Riperton, na Alton Ellis ndo alimtengenezea. Kurudia nyimbo kulikuwepo siku zote kwenye lovers rock ustadh, hakukuwafungulia mlango wa mchana. Kwa hiyo hiyo peke yake haitoshi.

#30 ustadh_wa_santuri
Walirudia nyimbo za soul ambazo wazungu wengi hawakuzijua. Maxi alirudia za wazungu wenyewe.

#31 BintiLovers
Hmm. Hapo nitarudi.

#32 Mjuba_Classic
Nyinyi mnaongelea reggae mbona Close to You siyo reggae? Ile ni R&B yenye kofia ya rasta. Sikilizeni ngoma yake, sikilizeni kinanda. Sly na Robbie, wale wapiga ngoma na besi wa Jamaica, wamo kwenye utayarishaji ndiyo, na Geoffrey Chung na Handel Tucker, lakini ile kitu ilitengenezwa ipigwe Atlanta na Detroit. Na ndo ilipigwa. Redio za R&B za Marekani ndo zilimtoa, huko kwingine kote mlikotaja alikuwa staa wa mtaa. Uingereza kwao wimbo ule ule umeishia namba 7! Kwao 7, Marekani 1. Hakuna Rodigan hapo.

Na msichanganye na ule wa Carpenters, jina linafanana tu.

#33 dulla_wa_pwani
Nilikuwa naenda kusema ni wa Carpenters 😂 umeniwahi.

#34 Mswahili_SE13
Mjuba umesema kweli nusu. Lakini nani alimpa Mmarekani sikio la reggae ya Uingereza? Hii hadithi nzuri sana: Red Red Wine ya UB40 ilitoka 1983, Uingereza namba moja, Marekani 1984 ikafia namba 34. Imeisha. 1988 Guy Zapoleon, mkuu wa vipindi wa redio ya KZZP kule Phoenix Arizona, jangwani, akaamua kuirudisha hewani. Watu wakapiga simu, vituo vingine vikaiga, Oktoba 1988 ni namba moja Marekani. Wimbo wa miaka mitano! Lebo ilikuwa ishausahau. Mwaka huo huo Wild World ya Maxi imefika namba 25 kule. Miaka miwili baadaye Close to You. Mi nimesimama na Saxon tangu mwanzo na bado nimesimama, lakini kama kuna ushahidi wa redio kufanya kitu peke yake bila saundi, bila lebo, ni ule wa Phoenix.

#35 MzeeWaKaseti
Ahaaa! Haya andikeni, SE13 kasema mwenyewe.

#36 Mswahili_SE13
Nimesema UB40, sijasema Maxi. Usinikate maneno kama gazeti la udaku.

#37 Mhasibu_mstaafu
Mnaposema Saxon walimtoa, jaribuni kipimo hiki. Saxon ile ile ilikuwa na Smiley Culture, Tippa Irie, Papa Levi, Peter King, Daddy Colonel. Redio zile zile, mji ule ule. Smiley na Police Officer namba 12 mwaka 1985, Tippa na Hello Darling namba 22 mwaka 1986. Papa Levi kashika Jamaica. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika popote karibu na chati ya Marekani. Kama sababu ni saundi au redio ya London, mbona mmoja tu?

#38 nyayo_buda254
Simple buda. Hao wengine ni madeejay, wanachana kwa spidi na maneno ya London, Mmarekani ataelewa nini? Maxi anaimba mapenzi. Mapenzi yanaeleweka hadi Garissa.

#39 shangazi_wa_chuda
Na sura. Mnazunguka weee hamtaki kusema. Zile dredi zimefika kiunoni, tabasamu, shati limefunguliwa vifungo. Mwaka 1990 ni zama za video, televisheni inazunguka siku nzima. Mimi nilikuwa na bango lake ukutani na sikuwahi kumsikia redioni hata siku moja kabla ya kuliona lile bango.

#40 BintiLovers
Shangazi umemaliza mchezo 😂😂 na hapo ndo ninaporudi kwa ustadh: Carroll Thompson alikuwa na sura na sauti, angepewa bajeti ya video ya Virgin tungekuwa tunaongea mengine leo.

#41 ustadh_wa_santuri
Sipingi.

#42 Rasi_wa_Kagera
Naona mnamsahau mtangazaji John Peel. Huyu alikuwa Radio 1, lakini usiku, na alikuwa pia na kipindi BBC World Service kilichosikika mpaka Afrika kwa masafa mafupi. Bendi ya reggae ya Misty in Roots aliwapenda kupita kiasi, na ile albamu yao ya moja kwa moja ya 1979 aliipiga bila kuchoka. Misty baadaye 1982 walikuja Zimbabwe na Zambia kupiga. Steel Pulse, Aswad, Culture, wote walipita kwake. Sasa mtu huyu aliweka reggae kwenye masikio ya wanafunzi wa kizungu wa mikoani, siyo London tu, na wanafunzi wale mwaka 1988 walikuwa watu wazima wenye mishahara wanaonunua kanda. Hiyo kazi ya polepole hamuihesabu.

Kwetu huku Bukoba marehemu Justin Kalikawe aliimba reggae kwa lugha yetu watu wakaipenda, na nakumbuka wakongwe wakisema masikio yalizoeshwa kwanza na vitu vya nje kabla ya yeye kuja. Nani alizoesha, hujui, lakini yamezoea.

#43 MzeeWaKaseti
Kalikawe apumzike salama. Rasi fungua uzi wake tuje.

#44 Mjuba_Classic
Peel alikuwa mtu wa mizizi na panki, Maxi laini vile alikuwa hamhusu sana.

#45 Rasi_wa_Kagera
Sikusema alimpiga Maxi. Soma tena.

#46 kaka_wa_Muscat
Swali kwa wote. 1990 kuna mambo matatu London: Kiss FM iliyokuwa magendo tangu 1985 imepata leseni, Choice FM imefunguliwa Brixton, Rodigan katoka Capital kaenda Kiss. Na mwaka huo huo Maxi ndo kafika kileleni. Redio zilimfuata yeye au yeye alizifuata?

#47 Fundi_Mitambo
Hiyo ya Kiss naona wote mnaichukulia poa. Magendo imeingia mlango wa mbele na leseni mkononi. Nimeshasema.

#48 Mhasibu_mstaafu
Close to You imepanda chati kabla Kiss hawajawasha mitambo halali Septemba 1. Kaka wa Muscat, jibu lako hilo, kwa Kiss angalau.

#49 mjukuu_wa_selekta
Wakubwa mi nimemsikiliza Maxi wiki hii yote kwa sababu ya huu uzi. Nimekwama kwenye Housecall, wimbo wake na dijei Mjamaika Shabba Ranks. Nimeona inasemwa ilitoka 1991 ikafika namba 31 Uingereza, halafu tena 1993 namba 8. Wimbo ule ule, wasanii wale wale. Redio zile zile. Imekuwaje?

#50 MzeeWaKaseti
Dogo umeuliza swali la kiutu uzima. Kati ya 1991 na 1993 Shabba kapigwa sana redioni. Wimbo wake wa Mr Loverman huo.

#51 Mjuba_Classic
Mr Loverman ilibebwa na filamu, ilikuwa kwenye Deep Cover. Siyo redio.

#52 Mswahili_SE13
Deep Cover ni 1992, na 1992 Mr Loverman imeishia namba 23 huku. Ikatolewa tena 1993 ikafika namba 3, ndo Housecall nayo ikafufuliwa nyuma yake. Filamu ilishatoka kwenye kumbi zamani. Redio zilikuwepo miaka yote mitatu, Saxon ilikuwepo, lebo ilikuwepo. Haya, nani kafanya nini kati ya 1992 na 1993?

#53 shangazi_wa_chuda
Nimeshawaambia. Vifungo vya shati.

#54 Mhasibu_mstaafu
Ngoja kesho nikipata muda nitaweka mtiririko wa chati wa nyimbo zote mbili wiki kwa wiki, tuone ipi ilitangulia kupanda. Bila hivyo tunapiga ramli.

#55 nyayo_buda254
Mhasibu usisahau kuhesabu matatu.